Maneno Thelathini kwa Dakika

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimekamilisha mfumo wangu wa kusoma. Umenichukua siku tatu. Vifaa vinne, vyote vya mtandaoni, vyote vya bure: ubao wa kadi za kazi, kipima muda cha dakika ishirini na tano, kadi za maswali na majibu, na kalenda ya rangi. Kijani ni hisabati. Zambarau ni baiolojia. Nyekundu nimeiweka akiba kwa ajili ya dharura. Kwa sasa hakuna dharura.

Baiolojia yenyewe bado sijaifungua. Lakini ina kadi kumi na nne.

Baadaye — dharura imepatikana. Mama amerudi na barua kutoka kazini. Yeye ni karani wa masjala, chumba kinachotunza mafaili ya ofisi nzima. Mwaka wa kumi na tisa huu. Kazini wanamwita Mama Mafaili, naye anaitika. Barua inasema masjala inahamia kwenye kompyuta. Makarani wote watafanya mtihani Ijumaa tarehe 27: kuchapa maneno thelathini kwa dakika, kwa dakika tano mfululizo. Watakaoshindwa "watapangiwa majukumu mengine".

Mjomba akauliza hayo majukumu mengine ndiyo yapi. Mama akasema hayajaandikwa. Mjomba akasema basi ni kupika chai. Mama akacheka, akainuka, akaosha sahani aliyokwisha kuiosha.

Nimeweka kadi nyekundu: MAMA.

Jumanne, 3 Machi

Nimemtafutia Mama tovuti ya kujifunza kuchapa. Nimezipitia saba, nikatengeneza jedwali la kuzilinganisha, nikachagua yenye jogoo. Jogoo anasimama pembeni ya skrini. Ukipatia anapiga mbawa. Ukikosea anainamisha kichwa na hasemi kitu — bora kuliko mwalimu wetu wa hisabati. Kila ukifanya somo unahesabiwa siku moja. Ukiruka siku, jogoo analala chali, miguu juu, na hesabu inarudi sifuri. Kasi yako hawakuonyeshi hapo hapo ila siku ya kwanza. Baada ya hapo wanatuma ripoti kila asubuhi, kwenye barua pepe yangu, maana Mama hana.

Tunatumia kompyuta ya Mjomba. Ni fundi simu. Kompyuta aliachiwa na mteja ambaye hakurudi. Kitufe cha E kimeng'oka, kimebaki kimpira tu. Mama anachapa kwa kidole kimoja, kile cha shahada. Kabla ya kubonyeza anakiinua juu kana kwamba anamwonya mtoto.

Maneno sita kwa dakika. Skrini ikaandika: Umeanza vizuri sana! Mama akaiambia, "Asante, mwanangu."

"Dada, hiyo ni mashine," Mjomba akasema.

"Na wewe ni mtu. Mbona hujaniambia hivyo?"

Alhamisi, 5 Machi

Nimemtengenezea Mama ubao wake. Kadi arobaini na saba, kuanzia "kukaa wima" hadi "siku ya mtihani: kula kidogo". Akautazama kwa muda mrefu.

"Na hii kazi ya kuhamisha kadi," akauliza, "nayo ina kadi?"

Haina. Nimeiongeza.

Kisha akaona folda yangu inayoitwa "Mbalimbali". Hapo ndipo sura yake ilibadilika. Nani kanifundisha hivyo? Faili la Mbalimbali ni kaburi, alisema, ukitia kitu humo umekizika. Akavuta kiti. Folda ilikuwa na vitu mia mbili na kumi: maelezo ya darasani, picha za kurasa, orodha za orodha. Yeye anaelekeza, mimi nabofya. Robo saa kila kitu kikawa na mahali pake na jina lake. Nimeishi na folda ile mwaka mzima.

Ripoti ya asubuhi ilisema maneno manane.

Jumapili, 8 Machi

Siku sita mfululizo. Maneno kumi. Mama amemsimulia jirani habari za jogoo kwa muda mrefu, penye kamba ya nguo. Jirani amekuja saa kumi kuuliza kama tutamuuzia.

Jumanne, 10 Machi

Leo kazini wamehamisha mafaili kwenda chumba kipya. Mama amebeba kutwa nzima. Alirudi saa kumi na mbili, akakaa kwenye kochi ili avue viatu, akalala na kiatu kimoja mkononi. Nimemwamsha mara mbili. Mara ya pili akasema "rafu ya nne, mkono wa kushoto" na kuendelea kulala.

Somo lilikuwa halijafanywa. Siku saba za jasho lake, na jogoo anamtazama tu.

Nimelifanya mimi. Ni somo fupi. Mimi nachapa kwa vidole vyote, nilijifundisha mwaka jana wakati wa likizo badala ya kutembelea watu. Jogoo amepiga mbawa kama kichaa.

Leo tu.

Jumatano, 11 Machi

Ripoti: maneno thelathini na nane.

Sikuwa nimefikiria ripoti. Mama aliomba nimsomee kama kawaida, nikasoma, sauti ikanipotea katikati. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Thelathini na nane! Na jana nilichoka hata sikumbuki kama nilifungua."

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo. Mjomba akaniwahi: "Basi dada uwe unachapa umelala."

Mama akachukua simu yangu akaitazama ripoti mwenyewe, tarehe, jina lake, tarakimu. Akatikisa kichwa taratibu. Imeandikwa, akasema. Mtu wa masjala ndivyo alivyo. Ukimwambia jua limewaka atakuuliza liko faili gani. Vidole vyake anavitilia shaka, karatasi haitilii.

Ameenda kazini anaimba. Hajawahi kuimba siku ya kazi.

Alhamisi, 12 Machi

Tatizo jipya. Jogoo amempandisha daraja, maana anamwona mtu wa maneno thelathini na nane. Masomo yamekuwa marefu, yana alama za mkato na tarakimu. Mama amehangaika dakika ishirini, jogoo ameinamisha kichwa muda wote. Kesho ripoti ingesema saba.

Tovuti huhesabu jaribio bora la siku. Mama alipokwenda kuoga nimelirudia somo. Si udanganyifu kabisa — ni kurekebisha wastani mpaka yeye mwenyewe afike. Tulisoma wastani kidato cha pili.

Jumatatu, 16 Machi

Nimerekebisha wastani Ijumaa, Jumamosi, jana. Leo asubuhi badala ya ripoti kimekuja cheti. Kina mpaka wa dhahabu. "Amehitimu daraja la tatu, kasi ya maneno thelathini na nne kwa dakika." Jina la Mama lote, hadi la babu.

Niliwaza kukifuta. Lakini Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe.

Amekaa. Akasema hana cheti chochote tangu kile cha darasa la saba, na kile kililiwa na mchwa. Akaniomba nikitume dukani kwa wachapishaji. Jioni amerudi nacho kikiwa ndani ya plastiki ngumu, kinang'aa, hakikunjiki. Kimechapishwa kwa rangi.

Mtihani wa baiolojia umerudi leo. Arobaini na moja. Ubao wangu wa baiolojia: umekamilika asilimia mia.

Jumanne, 17 Machi

Mama amempelekea afisa utumishi cheti. Afisa amekishika pande zote mbili, akasema ndiyo mambo anayotaka kuyaona, watu wanajiendeleza. Kwa hiyo:

Mama hatafanya mtihani. Mwenye cheti hahitaji.

Na baada ya mtihani ataongoza kazi ya kuingiza mafaili elfu kumi na moja kwenye kompyuta.

Na kuanzia leo anawafundisha wenzake wakati wa chakula cha mchana. Wapo watatu. Mmoja ni Bibi Muhuri, anayegonga mihuri, amebakiza miaka miwili astaafu na hajawahi kugusa kibodi. Mama amesema leo Bibi Muhuri alibonyeza herufi moja kwa nguvu hadi skrini ikajaa M.

Mama alikuwa anasimulia huku akicheka, analia, anajifuta kwa kanga. Mimi nilikuwa nahesabu. Elfu kumi na moja, kwa kidole kimoja.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemwambia Mama nina zoezi la shule, nahitaji mtu anichapie ukurasa mmoja huku nikimpimia. Hakushuku. Nimetumia saa ya ukutani.

Kumi na nne.

Si haba. Ametoka sita. Anatumia vidole vinne sasa, na E anaipata bila kutazama. Ni maendeleo ya kweli kabisa, na nimeyazika chini ya thelathini na nane yangu.

"Leo vidole vizito," akasema. "Ngapi?"

Nikasema zoezi letu halihesabu kasi. Huo ni uongo wa tisa. Ninayo orodha.

Ijumaa, 20 Machi

Nimeweka kadi: "Kumwambia Mama." Nimeihamisha kutoka "Ya kufanya" kwenda "Inaendelea". Nimewasha kipima muda, dakika ishirini na tano. Mama alikuwa anapepeta mchele, hatua nne kutoka nilipo. Kimelia. Nimekiwasha tena. Kimelia. Mara ya tatu Mama akauliza ni kitu gani kinachonililia, nikakinyamazisha.

Kadi bado "Inaendelea". Nimeibadilisha rangi.

Jumamosi, 21 Machi

Kuna kozi ya bure mtandaoni: Mazungumzo Magumu, Hatua kwa Hatua. Masomo sita, vidio fupi, maswali mwishoni. Nimeimaliza leo. Unatakiwa kuchagua wakati mtulivu, kuanza na "mimi" si "wewe", kunyamaza baada ya kusema. Nimepata asilimia tisini na mbili.

Wamenitumia cheti.

Sijamwambia.

Jumatatu, 23 Machi

Mjomba anajua. Leo jioni alikuwa anasafisha kompyuta yake, akafungua kumbukumbu za tovuti. Akaniita mlangoni, akiwa na bisibisi sikioni.

"Mpwa, huyu jogoo wenu hodari. Kila siku anachapa vizuri mama yako akiwa bafuni."



Akasema yeye hajaona kitu. Macho yake yamezoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, lakini hiki hajakiona. Kisha akasema nifikirie vizuri, maana nikinyamaza dada yake anabaki na kazi, nikisema huenda ikawa chai. Nikamuuliza, na hayo mafaili elfu kumi na moja? Akajikuna.

"Utakuwa unamchapia nayo?"

Nilishawahi kuliwaza hilo. Nilifika hadi kwenye ratiba. Jumamosi na Jumapili, mafaili mia na hamsini kila siku, nimalize nikiwa kidato cha nne. Nilikuwa nimechagua rangi.

Jumatano, 25 Machi

Nimemwambia.

Haikuwa wakati mtulivu. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya Ijumaa, ile nyeupe, kwa ajili ya kusimamia wenzake. Akaniuliza kama kola imekaa sawa. Nikasema, Mama, cheti ni changu. Akasema nikipata changu nacho tutakitundika, kuna nafasi ukutani. Nikasema hapana — kile chako. Kile ni mimi.

Akaisimamisha pasi.

Nilisema yote. Niliongea haraka, nadhani maneno mia na hamsini kwa dakika. Halafu nikanyamaza kama kozi ilivyoelekeza, na kozi haikusema kimya hicho kina urefu gani.

Mama akachomoa pasi ukutani. Akaleta karatasi na kalamu, akaviweka mbele yangu.

"Tarehe."

Niliandika. Tarehe 10. Tarehe 12, 13, 14, 15. Kisha 17 na 18, baada ya cheti, ili kisionekane kimebahatisha. Saa alizokuwa bafuni. Akasoma, akaniambia nitie sahihi, nikatia. Akalitoboa lile jani matundu mawili, akalitia kwenye faili la kijani, akaandika mgongoni: MASHINE — MAJARIBIO YASIYO YANGU.

"Kwa hiyo mimi ni ngapi?"

"Kumi na nne. Alhamisi iliyopita."

"Kumi na nne," akasema. Akalirudia mara nyingine, kama anayejaribu kiatu.

Nilitaka anipigie kelele. Aliniuliza tu kwa nini. Nikasema nilimwonea huruma jogoo — nikaona ni upuuzi — nikasema nilikuonea huruma wewe.

"Ungeniamsha," akasema.

Nilimwamsha mara mbili. Sikumkumbusha.

Alhamisi, 26 Machi

Mama amekwenda kwa afisa utumishi saa mbili asubuhi na cheti na faili la kijani. Ametusimulia mezani kana kwamba ni habari za mtu mwingine.

Amemwambia, "Cheti hiki si changu, ni cha mwanangu." Afisa akacheka, akauliza basi wamwajiri mwanawe? Mama akasema yuko kidato cha tatu. Afisa akaacha kucheka. Akamwambia polepole kwamba hakuna aliyelalamika, na yeye hajauliza. Angeweza kukaa nacho. Mama akajibu kwamba jani la uongo likishaingia rafuni, kila atakayelifungua atadanganywa, naye hawezi kuwa mtunzaji wa rafu hiyo.

Afisa akakitia cheti kwenye droo. Kesho saa nane Mama atafanya mtihani kama wengine. Maneno thelathini. Nafasi ya kuongoza itakwenda kwa atakayefaulu.

"Na wanafunzi wako wamesemaje?" Mjomba akauliza.

Bibi Muhuri amemjia juu: kumbe umetufundisha wiki nzima na wewe hujui? Mama akamwambia kocha hakimbii. Bibi Muhuri yuko maneno ishirini na saba. Leo hakujaza skrini M.

Jioni Mama amefungua akaunti mpya, somo la kwanza. Mimi nimeambiwa nikae upande wa pili wa meza, mikono juu, aione. Amefanya masomo manne. Nimempimia kwa saa, kwa ruhusa yake. Kumi na tisa.

Akafunga kompyuta. Akasema kesho shule ikitoka nije ofisini.

Nikauliza nilete nini.

"Usilete kitu. Ukae nje."

Ijumaa, 27 Machi

Saa nane kasoro dakika tano. Niko kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha mtihani. Benchi lina mguu mfupi. Mlango umeachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Naona bega la Bibi Muhuri na kona ya meza. Mama simwoni. Alipoingia alipita mbele yangu na blauzi nyeupe, kola imekaa sawa, akasema "umekula?" nikasema ndiyo.

Saa nane. Afisa amesema karatasi zigeuzwe.

Wameanza wote pamoja. Ni kama mvua juu ya bati. Wako wanane.

Dakika moja. Sasa inawezekana kuwatenganisha. Kuna mmoja wa kasi sana, anayefuta sana. Kuna anayegonga kama mihuri, huyo namjua. Na kuna mmoja wa taratibu, sawasawa, hasimami wala hakimbii. Mwendo huo nao naujua.

Si thelathini. Nimehesabu. Ishirini. Labda ishirini na mbili.

Dakika mbili na nusu. Nimegundua vidole vyangu vinachapa juu ya goti, maneno nisiyoyaona. Mkono wa kushoto nimeukalia. Wa kulia unaandika, kwa hiyo una kazi.

Dakika ya nne. Bega la Bibi Muhuri limetulia, nadhani anatafuta mahali alipofika. Limeanza tena. Afisa anatembea kati ya meza, viatu vyake vinalia. Vimesimama mahali fulani. Havijaondoka hapo.

Saa yake imelia.

Vibodi vimeacha, kimoja kimoja. Kiti kimesogezwa. Mtu amekohoa, mtu amesema "jamani". Kisha kimya.

Si kimya. Mmoja bado. Taratibu, sawasawa. Nadhani hajafika mwisho wa sentensi.

Nangoja Afisa aseme muda umekwisha. Hajasema. Viatu havijasogea.

Bado anachapa.